Mdomo wa Duara

Benchi la nje ya chumba cha upasuaji,
Jumatano, mchana.

Mpendwa mpwa wangu,

Nakusalimu kwa salamu zote unazozijua, na nyingine nitazibuni nikipata nafasi. Hujambo wewe? Mumeo hajambo? Na kale kajukuu kangu kameanza kutembea, au bado kanatambaa kama fundi anayetafuta skrubu? Mimi mjomba wako ni mzima, mwili chuma, meno yote yapo kasoro yale niliyoyaacha ugenini kwa hiari yangu. Mama yako naye ni mzima wa mwili. Amekaa hapa kando yangu.

Jana nilikupigia simu, nikakuuliza habari za baridi ya huko, nikakata. Najua ulishangaa. Nilikuwa na jambo la kukwambia, ulimi ukakimbilia mzaha kama kawaida yake. Basi leo naiachia kalamu.

Mdogo wako, Povu wetu, yuko ndani ya chumba hicho. Mkono wake wa kulia umeharibika kwa ndani na madaktari wanajaribu kuuokoa. Kaa chini nikueleze taratibu.

Unajua anaosha malori kwenye yadi ile ninayotengeneza pampu. Sasa mimi, ingawa shule niliiacha kabla haijaniacha, kwa mambo ya maji hakuna profesa wa kunitisha. Nimefungua pampu kwenye bandari ambazo wengine wanaziona kwenye kalenda tu. Pampu inaweza kuwa ile ile moja, lakini anayeamua maji yatafanya nini ni nozeli, ule mdomo mdogo wa shaba unaofungwa mwisho wa mpira wa maji. Tundu likiwa bapa, maji hutoka yametanuka, yanagombana na hewa mapema, yanavurugika, na hayafiki mbali yameshakuwa manyunyu. Tundu likiwa la duara, maji hushikana. Yanatoka kama msumari, na pale karibu na mdomo wala usiyaite maji. Hata tundu la umbo la yai lina vituko vyake: maji hutoka yamelala, mbele kidogo yanasimama wima, kisha yanalala tena, kama mtu aliyekosa usingizi. Nimekunywa soda nyingi za watu kwa kuwaonyesha hilo.

Pale yadi siku zote wanatumia bapa. Na waoshaji wana mtindo wao. Wakitaka kujua kama mdomo umeziba hawautazami, wanapitisha kiganja mbele yake. Maji ya bapa yanawasha tu, na kiganja kinasikia kama yametanuka sawasawa au upande mmoja haupo. Povu ndiye bingwa wa mchezo huo. Anafanya huku anapiga hadithi, uso ameugeuzia kwingine kabisa.

Wiki iliyopita likaja lori la kokoto, udongo umegandia chini kama saruji. Akafungua bapa, akafunga duara, ndivyo hata mimi ningefanya. Akawasha. Maji yakatoka kidogo, yakakatika. Basi mkono ukaenda wenyewe, mwanangu, na maji yakarudi ghafla kiganja kikiwa mbele ya mdomo. Mkono uliozoea hauulizi kama mdomo umebadilishwa.

Hakupiga hata kelele. Katikati ya kiganja palikuwa na kitundu kama cha sindano, damu hakuna. Wenzake wakashangilia, "Povu kadungwa sindano ya bure, hata foleni hakupanga!" Naye akawajibu, "Wivu tu, mimi nimeshachanjwa!" Akaliosha lori mpaka likang'aa. Mimi nilikuwa nimekwenda kutafuta vipuri, niliporudi nikasimuliwa kama kichekesho. Nikamwambia twende hospitali sasa hivi. Akacheka. "Mjomba, niende nikamwambie daktari kwamba nimeumizwa na maji?"

Kumbe maji yaliingia na sabuni yake na grisi yake, yakatambaa chini ya ngozi mpaka kwenye kifundo. Alipoamka kesho yake mkono ulikuwa umejaa kama glavu iliyopulizwa, na vidole baridi. Nikambeba kwenye pikipiki, akaniambia niendeshe polepole. Povu huyu, ambaye maisha yake yote ni "ongeza moto"!

Daktari wake ni mama mmoja mpole. Aliniuliza mdomo ulikuwa wa namna gani. Nilikuwa nao mfukoni. Akauinua kwenye mwanga, akachungulia, akanirudishia.

"Ungekuwa ule mpana tungehangaika na ngozi tu," akasema. "Huu unanilazimu nifungue nifuate maji mpaka yalikoishia."

Walifungua, wakasafisha. Leo asubuhi vidole vitatu vilikuwa vyeusi. Povu akatia saini ya kukubali kupasuliwa tena, kwa mkono wa kushoto, akamwambia yule mama, "Daktari, niachie dole gumba na jirani yake mmoja. Hao wawili wananitosha kushika mpira." Wakamsukuma ndani.

Naachia hapa kidogo, tunaitwa.

Naendelea, sasa ni jioni. Mpwa wangu, wameukata mkono. Juu kidogo ya kifundo. Daktari anasema uozo ulikuwa unapanda, na angeng'ang'ania vidole tungempoteza mwenyewe. Mama yako alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, kisha akaliomba shati aliloingia nalo Povu. Amelikunja, amelikunjua, analikunja tena.

Niliruhusiwa kuingia mimi peke yangu. Dawa bado zimemlevya. Alifumbua macho, akanitambua, akasema, "Mjomba, nikune. Katikati ya kidole cha kati na cha pete, panawasha." Bandeji inaishia mbali na hapo. Mpwa wangu, nilikuna shuka, pale ambapo vidole vingekuwepo. Akasema, "Hapo hapo," akalala.

Akiamka vizuri nitamwambia mimi. Mama yako haiwezi kazi hiyo, na daktari ni mgeni kwake. Wewe ukimpigia, mwache akueleze mwenyewe kwa maneno yake, hata kama ataanza na mzaha. Msikilize mpaka aumalize.

Shangazi yako anakusalimu, na babu yako, ambaye bado hatujamwambia. Msalimie mumeo, mbusu mtoto. Mungu awahifadhi nyote huko, kila mmoja na viungo vyake vyote.

Ni mimi, nikupendaye siku zote,
Mjomba wako.