Mbuzi Watatu na Dhahabu Arobaini

Alhamisi, 25 Julai 2024
Asubuhi baridi kali, manyunyu, ukungu mpaka saa nne. Hata kuta za kiwanda hazionekani kutoka hapa Makongeni.

Siku ya nne kwa kaka yangu Mutinda. Kidole cha mkono wa kushoto kimefungwa kijiti. Ndegwa, niliyekaa naye miaka minne, alikigonga Jumapili kwa mgongo wa shoka la bucha yake, juu ya gogo lilelile anapokatia mbavu. Alisema angetaka kukikata angekikata. Hilo ni kweli. Ndegwa hakosi anapolenga.

Kazini msimamizi amenitoa kwenye kumenya mananasi, amenipeleka kubandika lebo. Nimemwambia niliteleza bafuni. Amekitazama kidole, amenitazama mimi. Akasema hayo mabafu ya Ruiru yanateleza sana, kila wiki mmoja.

Sirudi kwake Mugutha. Nimeandika. Sirudi.

Jumamosi, 27 Julai
Mawingu. Jua kidogo saa saba.

Jambo la kunichoma moyo. Miaka minne Mutinda amekuwa akimdai Ndegwa mbuzi wa ntheo. Kwetu Ukambani mke si mke hadi mbuzi watatu wafike bomani, majike wawili na beberu. Wakilala hapo usiku mmoja bila kurudishwa, basi, umeolewa, na ukikimbia ni ndugu zako wenyewe watakaokurudisha kwa mume. Tangu Baba afe, boma ni Mutinda, hata kama ni chumba kimoja cha kupanga. Miaka minne Ndegwa alicheka tu. Alisema Wakamba wanapenda mbuzi kuliko watoto.

Sasa nimeondoka, na mbuzi wamepatikana! Wamefungwa nyuma ya bucha pale Ruiru.

Mutinda alienda leo kuwakataa. Lakini Ndegwa alikuwa amemwita mzee Zacharia wa kanisa awe shahidi. Mtu aliyedai mbuzi miaka minne atawakataaje mbele ya mzee? TV ya bucha ilikuwa inaonyesha Olimpiki. Mutinda, badala ya kusema hapana kama mwanaume, akaona mlango wa kutorokea.

Ndegwa alikuwa anajisifu kuwa America wataongoza dunia, kama kawaida. Mutinda akasema mwaka huu ni China.
"Mchina? Mchina anaogelea wapi, karai?"
"Walijenga Thika Road yote, kuogelea ndio itawashinda?"
Watu wakacheka. Ndegwa akapigilia kisu kwenye gogo. Akasema haya basi, China wakiongoza anatafuna mbuzi wake mwenyewe na Wayua, ndiye mimi, akae huko kwenu. America wakiongoza, mbuzi wanaingia Makongeni jioni hiyohiyo. Mutinda akampa mkono. Zacharia akaomba!

Nimemuuliza Mutinda mimi ni nini, tikiti? Amesema nitulie, China wameshachukua dhahabu ya kwanza leo.

Kule Tokyo America walishinda kwa dhahabu moja tu. Siku ya mwisho. Mutinda hakujua. Mimi najua.

Jumanne, 30 Julai
Baridi. Kidole kinadunda usiku.
Nafuata medali kwa simu wakati wa chai. Katika maisha yangu sijawahi kushangilia mtu anayeruka majini. Leo nimemshangilia.

Jumamosi, 3 Agosti
Mvua nyepesi alfajiri, halafu upepo.

Damu. Mutinda alienda Ruiru kumcheka Ndegwa, kwa sababu China wanaongoza kwa dhahabu. Akakuta Ndegwa naye anamcheka. Amechora jedwali kwa chaki kwenye ukuta wa bucha, na America wako juu. Juu sana!

Mutinda: hesabu ni dhahabu.
Ndegwa: hesabu ni medali zote, hata America wenyewe wanahesabu hivyo kwa TV yao.
Mutinda: dunia nzima inahesabu dhahabu.
"Dunia ya nani? Hii bucha ni yangu."

Wapumbavu wawili. Walishikana mikono mbele ya mzee wa kanisa bila kukubaliana wanahesabu nini.

Mutinda akafuta chaki kwa mkono wa koti. Ndegwa akamchapa mdomoni kwa mfupa wa paja la ng'ombe. Jino la mbele limetoka. Mutinda naye akamrukia, wakaangukia ndoo ya matumbo. Zacharia ndiye aliyewaachanisha. Hakuuliza nani kaanza wala habari yangu. Alitoa hukumu moja tu, kwamba wahesabu dhahabu, na zikilingana waangalie medali za fedha.

Mutinda amekubali. Nimemwosha damu. Nimemwambia America wana fedha kama mchanga. Amesema kwa hilo pengo lake kwamba haziwezi kulingana, nchi mbili zinalingana vipi?

Jumatano, 7 Agosti
Ukungu tena. Nyayo za watu zinasikika kabla hujawaona.

Ndegwa alikuwa langoni mwa kiwanda tulipotoka shifti. Aliniita "mami" kwa sauti tamu. Nikapita. Akanishika kitambaa cha kichwa pamoja na nywele, akanizungusha nikaangalia ukuta. Watu zaidi ya mia wakitoka. Wengine walipunguza mwendo tu.

Alininong'oneza sikioni. Alisema kile kidole kilikuwa salamu. Alisema mbuzi wakishalala kwa Mutinda hatakuwa anaiba mtu, atakuwa anachukua chake.

Nilimuuma mkono. Nilisikia ngozi ikiachia. Akapiga kelele "ũũi!" kama mtoto, na ndiyo mara yangu ya kwanza kumsikia akilia hivyo. Mlinzi wa lango akanisukuma mimi. Alisema mambo ya nyumbani tuyamalize nyumbani.

Polisi waliniandikia namba ya ripoti kwenye karatasi. Waliuliza kama ni mume wangu. Nikasema hapana. Wakauliza mmekaa miaka mingapi. Nikasema minne. Wakaangaliana.

Jumamosi, 10 Agosti
Baridi. Jua halikutoka kabisa.
China 39, America 38. Imebaki kesho tu.
America wana mpira wa kikapu wa wanawake kesho, na Ufaransa. Hao wanawake hawajapoteza dhahabu hiyo tangu nikiwa mtoto mdogo. Sijamwambia Mutinda. Anaimba.

Jumapili, 11 Agosti
Asubuhi nyeupe kwa ukungu, kisha kukauka. Anga safi saa sita.

Sikwenda kanisani. Nilikaa kwa Waceke, mwenye ploti, kwa sababu ana TV kubwa. Waceke anajua yote. Ameweka nyundo chini ya kochi.

Saa sita na nusu mama wa China alinyanyua vyuma. Arobaini! Mutinda akanibeba juu. Halafu America wakashinda baiskeli: 39. Halafu Italia wakawachapa America voliboli, seti tatu bila. Waceke alipiga vigelegele, hajui hata Italia iko wapi.

Ikabaki kikapu tu.

Ufaransa walipigana. Walipigana, mimi shahidi. Dakika za mwisho sikuweza kukaa. America 67, Ufaransa 64, sekunde zikaisha, na msichana wa Ufaransa akarusha mpira akiwa mbali. Ukaingia! Mutinda alikuwa ameshapanda kiti. Lakini mguu wa yule msichana ulikuwa umekanyaga mstari. Pointi mbili, siyo tatu. 67 kwa 66.

Arobaini kwa arobaini. Fedha, America 44, China 27.

Waceke alizima TV.

Walifika kabla giza halijaingia vizuri. Pickup, Ndegwa na wanaume wawili wa bucha, na mbuzi watatu. Hawakubisha hodi. Waliwafunga kwenye nguzo ya tangi la maji, ndani ya lango. Ndegwa alikuwa na panga na kile kisu chake chembamba kiunoni.

Mutinda alimwambia imekuwa droo, arudi na mbuzi wake.
"Fedha, shemeji. Mzee alisema fedha."
"Mimi si shemeji yako."
"Utakuwa kesho asubuhi."

Mutinda alishika kamba kuifungua. Ndegwa alimpiga bapa la panga mgongoni. Mutinda hakuachia. Mara ya pili halikuwa bapa. Bega lilifunguka kama nyama ya kawaida, nyeupe kwanza, halafu nyekundu.

Maji ya ugali yalikuwa yanachemka jikoni. Sikumbuki kuyabeba. Nakumbuka mvuke, na uso wa Ndegwa ndani ya mvuke, na sauti. Alianguka kwa magoti, ngozi ya shingo ikateleza pamoja na kola. Kisu kilimtoka. Waceke alikuja na nyundo akampiga mmoja goti. Wakamburuta Ndegwa mpaka kwenye pickup. Alikuwa bado anasema. "Mbuzi wamebaki! Mmeona wamebaki!"

Waceke amempeleka Mutinda hospitali kwa tuktuk, kitambaa cha meza kwenye bega. Amefunga lango kwa nje asirudi mtu.

Mimi na mbuzi.

Nimefikiri vizuri. Nikiwaachilia watasema wamepotelea kwetu, na kwetu mbuzi aliyepotelea bomani mwako ni wako. Kuwarudisha Ruiru siwezi, lango limefungwa. Wakiona asubuhi hapa, nimeolewa. Mbuzi aliyekufa haoni asubuhi.

Mwanamke hachinji, huku kwetu wala kwao. Lakini miaka minne nimesimama nyuma ya gogo nikiangalia.

Beberu kwanza. Nilimkalia. Kidole kibovu kilipiga kelele kuliko yeye. Kisu cha Ndegwa ni kikali, hilo nampa. Damu ilikuwa moto, ilinipendeza kwenye mikono kwa sababu ya baridi, na hilo sitamwambia mtu. Yule jike mweusi alinipiga teke la mdomo. Nimemmaliza pia. Wapo chini ya tangi. Sitaonja hata figo, wasiseme nimewapokea.

Wa tatu ana mimba. Nilimshika kichwa, nikaweka kisu, nikasikia kitu kinapiga ndani ya tumbo lake, kwenye goti langu. Nimejaribu mara mbili, nimeshindwa.

Waceke amepiga simu. Mutinda ameshonwa, yu hai, anauliza kama China wamekata rufaa.

Kisha meseji ya Ndegwa. Sijui anashika simu kwa mkono gani. "Hata mmoja akiamka hapo inatosha. Nakuja saa moja asubuhi."

Nimemleta ndani nimwangalie. Amesimama mlangoni anatafuna sketi yangu yenye damu. Nimemwambia asimame, maana akilala hapa nimeolewa. Simama hivyohivyo, mama.

Amekunja miguu ya mbele. Sasa ya nyuma.

Kisu kiko mkononi. Saa nane kasorobo usiku. Nalala nacho, Ndegwa atanikuta nacho.