Kutu Hakumwiba Mtoto

MAELEZO YA SHAHIDI

Kosa linalochunguzwa: Kumchukua mtoto bila ridhaa ya mzazi
Jina la shahidi: Limehifadhiwa kwenye jalada. Anajulikana kama Wino
Umri: Miaka 22
Kazi: Mchoraji wa vitabu vya katuni
Makazi: Chumba cha uani, nyuma ya duka la fotokopi
Siku: Ijumaa, tarehe 15, saa tatu asubuhi

Mimi niliyetajwa hapo juu nimekuja kituoni kwa miguu yangu, hakuna aliyeniita. Nimeambiwa niseme ninayoyajua, na yale niliyoambiwa na mtu nimtaje aliyeniambia. Nimekubali. Nimeambiwa pia nipunguze kasi, afande anaandika kwa mkono.

Mimi nachora. Sikusomea popote, nilijifunza kwa kunakili picha za kwenye maboksi ya viatu. Nina mwenzangu, tunamwita Nukta kwa sababu kila akibishana anamalizia, "Nukta." Yeye anaandika maneno, mimi nachora. Mwaka wa tatu sasa tunatoa katuni ya shujaa anaitwa Nyundo. Adui wake mkubwa anaitwa Kutu.

Lazima nieleze historia ya Kutu, afande. Sitangazi kitabu. Jana mtoto alipoulizwa nani alimchukua alisema, "Nilikwenda mwenyewe kwa Kutu," na watu wakacheka, wakasema ametiwa dawa. Hakutiwa dawa. Alikuwa anaeleza jambo linaloeleweka kabisa kwa mtu aliyesoma toleo la saba.

Ilikuwa hivi. Mwanzoni Nyundo hakuwa na adui wa maana. Alikuwa anapiga vibaka tu, na anashinda mpaka anachosha. Nukta akasema tunahitaji mtu wa kumnyima usingizi. Siku hiyohiyo nikapita kwenye karakana ya Fundi wa kuchomelea, ile iliyo mtaa wa pili kutoka shule ya msingi. Fundi alikuwa anachomelea geti. Akasimama, aproni ya ngozi mpaka magotini, kinyago cheusi cha kukinga macho kimemfunika uso wote, moshi unatoka nyuma yake. Nilisimama barabarani kama mjinga. Akafunua kinyago akaniuliza, "We kijana, unadai?" Nikamwambia sidai, nataka nikuchore.

Alikubali. Alisimama dakika ishirini na fimbo ya kuchomelea mkononi, anacheka, ananiambia nimpunguze tumbo. Nukta akampa Kutu nguvu zake: chuma chochote akikigusa kinaoza palepale, hata nyundo ya Nyundo. Toleo la nne aliozesha daraja. Baada ya hapo tulisikia watoto shuleni wanaogopa kushika bomba la maji, wanaambiana Kutu amelipitia.

Fundi hakukasirika hata kidogo. Alibandika jalada la kitabu kwenye mlango wa karakana. Wateja wakimuuliza anasema, "Huyo ni mimi kabla ya kula."

Sasa toleo la saba. Nukta alitaka Kutu awe mbaya tu, kazaliwa mbaya. Mimi nikasema mtu hawi hivyo, lazima awe ametoka mahali. Tukamwendea Fundi, tukamuuliza kwa utani, "Kutu alianzaje?" Akazima mashine. Akasema yeye alipokuwa darasa la pili, siku moja baba yake hakuja kumchukua shuleni. Alikaa nje ya geti mpaka mlinzi akaondoka. Baba hakuja siku hiyo wala siku nyingine yoyote. Mhunzi mmoja aliyekuwa anapita ndiye aliyemchukua, akamlea, akamfundisha chuma. Nukta alimuuliza kama tunaweza kuliandika hilo. Akasema, "Andikeni. Ila msinitie machozi, mimi sikulia."

Tukaandika. Kwenye kitabu mhunzi hapiti. Mtoto anakaa getini usiku kucha akilishika geti, na asubuhi geti lote ni kutu. Ndiyo historia ya Kutu. Picha ya mwisho ya toleo hilo amekuwa mtu mzima, ameacha mlango wa karakana yake wazi, na maneno aliyoandika Nukta mwenyewe yanasema hivi: "Mtoto aliyesahauliwa aje kwangu. Huyo simgusi, na atakayemgusa atanikuta." Tangu hapo watoto wakaacha kumwogopa. Nyundo ndiye shujaa, lakini wakicheza kila mtu anataka kuwa Kutu.

Mtoto anayehusika ni wa dada yake Nukta. Ana miaka saba. Nukta ni mjomba wake, na kila Alhamisi mama yake anapokuwa zamu kiwandani, Nukta ndiye anayemchukua shuleni saa tisa alasiri. Huyo mtoto anakijua kitabu chetu kwa moyo. Wakipita karakana, mjomba wake humnyooshea kidole: "Unamwona yule? Ndiye Kutu." Niliwahi kuwa nao siku moja. Fundi alishusha kinyago akanguruma, mtoto akamrudishia mngurumo.

Jana, Alhamisi tarehe 14, Nukta alikuja chumbani kwangu saa saba mchana. Tulikuwa na kurasa za toleo la kumi na mbili. Alitaka Kutu afe. Nikamwambia haiwezekani.

Akasema, "Adui akiishi sana anakuwa mjomba wa kila mtu. Watu wanamwamkia."

Nikasema, "Basi muue wewe. Mkono wa kuchora ni wangu."

"Mkono ni wako, akili ni yangu."

"Akili gani? Umemwandika Nyundo miaka mitatu, hata mama yake hajulikani."

Tulikuwa tunacheka na tunagombana kwa wakati mmoja, ndivyo tunavyofanya kazi. Hatukuangalia saa. Mwenye duka la fotokopi alikuja saa kumi kamili kuchukua kurasa za kunakili, akasema anafunga mapema, akatukuta wote wawili. Anaweza kuulizwa. Nukta yeye ndiye aliyempa kurasa mkononi. Tuliendelea. Ilipofika saa kumi na moja kasoro robo Nukta akaangalia simu yake, akasimama, kiti kikaanguka. Akatoka mbio. Mimi nikamfuata, sikujua kuna nini mpaka aliponijibu njiani, "Mtoto. Mtoto, Wino."

Tulifika shuleni kama saa kumi na moja. Geti limefungwa kwa mnyororo, hakuna mtu. Simu ya Nukta ikaita. Alikuwa dada yake, ametoka zamu, anauliza mtoto yuko wapi. Nilikuwa karibu naye kama nilivyo karibu na meza hii, nilimsikia akisema, "Nilifika saa tisa, dada. Saa tisa kamili. Hayupo, wanasema ametoka na mtu." Hakuna mtu aliyetuambia hivyo. Tulikuwa wawili tu pale.

Nimeulizwa kama nilimwambia kitu. Nilimwambia, "Nukta, unasema nini?" Akaniambia, "Nyamaza kwanza, tumtafute."

Tukamkuta dada yake kwenye njia panda ya nyumba za ghorofa anakokaa, bado amevaa koti la kiwandani. Analia bila sauti. Majirani wameshajaa. Na palepale tukamwona Fundi anakuja, amemshika mtoto mkono. Kinyago kimeshushwa usoni. Mtoto anatembea kwa maringo, ananyoosha shingo kuona nani anamwona.

Mama mtu akakimbia akamnyakua mtoto. Nukta akapiga kelele, "Huyo ndiye aliyemchukua! Huyo!"

Anamjua, afande. Ameshakula naye sahani moja.

Watu walimvamia. Nilisema, "Huyu ni Fundi, tunamfahamu." Nilisema mara nyingi, nilisukumwa nikaangukia mtaro, goti hili ndilo. Walikipasua kinyago akiwa amekivaa. Fundi hakupigana. Alikuwa anasema, "Muulizeni mtoto, muulizeni mtoto." Askari wenu wawili ndio waliomwokoa, nawashukuru.

Yanayofuata sikuyaona, nimeambiwa na Fundi leo asubuhi nilipomletea chai mahabusu. Anasema mtoto alifika karakana kama saa kumi na nusu, peke yake, na begi lake. Mlinzi alikuwa amefunga geti akamwacha nje, akamwambia asubiri. Mtoto alisimama mlangoni akasema, "Shikamoo Kutu. Mimi nimesahauliwa." Fundi anasema alizima mashine palepale. Hana namba ya simu ya mama wala ya Nukta. Akamketisha, akampa maji, akamuuliza anakaa wapi, akafunga kazi akampeleka. Kinyago alikivaa kwa kuombwa. Mtoto alisema asipokivaa, wenzake hawataamini ametembea na nani.

Ana jino limetoka na jicho moja limefunga. Aliniuliza jambo moja tu: mtoto aliingia ndani salama? Nikamwambia ndiyo. Akasema basi.

Asubuhi hii Nukta alikuwa kwenye benchi lenu la nje kabla yangu. Hajalala. Akaniambia, "Sema tuliachana saa nane na nusu. Fundi hana kesi, wiki mbili tatu atatoka mwenyewe. Mimi, dada yangu akijua, sina dada tena." Nikamuuliza, "Na Fundi wiki hizo mbili tatu?" Akasema, "Yeye amezoea, Wino. Mimi sijazoea." Niliingia humu.

Nimeulizwa kama nina ugomvi na Nukta. Sina. Sina rafiki mwingine. Bila yeye hakuna kitabu, mimi siwezi kuandika hata barua. Nimeulizwa kama nafahamu kwamba nikisaini hapa, yeye ataitwa aeleze kwa nini alitoa taarifa ya uongo. Nafahamu.

Ninarudia ili iandikwe wazi: saa tisa, saa kumi, mpaka saa kumi na moja kasoro robo, Nukta alikuwa chumbani kwangu. Hakufika shuleni. Fundi hakumchukua mtoto. Mtoto alikwenda mahali ambapo sisi wawili tulimwandikia aende.

Nimeyasema haya kwa hiari yangu, nimesomewa yote polepole, sina la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

MAELEZO YA MPOKEAJI: Nimeandika kama alivyosema. Shahidi alikuwa mtulivu mwanzoni, baadaye alilazimika kusimama na kukaa mara kadhaa. Mwenye duka la fotokopi amepigiwa simu, amethibitisha saa kumi. Nimemwita ndani aliyekuwa benchi la nje. Alipishana na shahidi mlangoni. Utaratibu wa kumwachia mtuhumiwa umeanza. Shahidi aliambiwa anaweza kwenda nyumbani. Hajaondoka. Ameketi benchi. Nilipomuuliza anamsubiri nani kati ya hao wawili, alisema bado hajajua.