Baba na Bustani za Buffalo

Jumapili, 11 Mei

Nimetoka kanisani, nimepika maharage, nimefua sare ya kazi. Baba bado yuko dirishani. Yuko pale tangu afike Marekani mwezi wa Februari. Mwanzoni nilisingizia theluji. Theluji imekwisha, naye hajasogea. Chini, Grant Street imejaa watu, wengine wanazungumza lugha yetu kabisa, na yeye anawatazama kama anatazama televisheni.

Naogopa. Sikumngoja miaka yote ile ili aje kunyauka ndani ya nyumba yangu.

Wiki ijayo nampeleka bustanini. Wanasema bustani za jiji hili la Buffalo ni nyingi na za kale. Mimi sijui hata moja. Kazi, kupanda basi, kulala.

Jumapili, 18 Mei

Tumekwenda Front Park, ile inayotazama mto. Baba alivaa koti la suti na kufunga vifungo vyote. Njia ilipoanza akasimama.

"Kibali umechukua?"

Nikamwambia hapa hakuna kibali. Hakuniamini. Kule kambini Tanzania, mtu akivuka mpaka wa kambi kuokota kuni bila karatasi alikamatwa. Yeye alikamatwa. Nilikuwa mdogo lakini nakumbuka jinsi mama alivyolia.

Tulitembea kidogo, yeye akigeuka nyuma kila mara. Kisha akauona mji ng'ambo ya maji. Nikasema ile ni Kanada, nchi nyingine. Akalitazama daraja la kwenda huko kwa muda mrefu. Akauliza: wanaokimbia, wanakimbilia upande gani? Nilicheka. Yeye hakucheka. Ila nyumbani alimaliza sahani nzima.

Jumatatu, 26 Mei

Sikukuu ya taifa, kiwanda ninakofanya kazi kimefungwa. Delaware Park. Kubwa mno. Ziwa, vilima, miti ambayo lazima ilipandwa na watu waliokwisha kufa zamani. Maua ya rangi ya zambarau yananukia hadi barabarani.

Baba anamwamkia kila anayepita, kwa kuvua kofia. Wengi wanashangaa. Mwanamke mmoja mwenye mbwa alisimama, akaweka mkono kifuani, akainama. Baba alilizungumzia jambo hilo njia nzima.

Jioni dada Consolata akapiga simu. Ni mkubwa wangu, anaishi Gahanna, kitongoji cha mji wa Columbus, mwendo wa saa tano kwa gari. Ana nyumba, ana gari, mumewe hufanya kazi usiku, mchana yupo nyumbani. Anataka Baba ahamie kwake. "Wewe hushindi nyumbani," alisema.

Ni kweli. Ndiyo maana imeniuma.

Jumapili, 8 Juni

Mvua. Hatukutoka. Baba amenung'unika siku nzima. Nimefurahi kumsikia akinung'unika.

Jumamosi, 14 Juni

Nilikuwa ovataimu. Nimerudi alasiri, Baba hayupo. Koti halipo. Simu yake iko mezani. Hajawahi kutoka peke yake. Kiingereza hajui. Nimeingia duka hadi duka Grant Street. Hakuna aliyemwona. Consolata akapiga katikati ya hayo, na mimi, kwa ujinga, nikamwambia. Alifoka, kisha akalia.

Nikapanda basi kwenda Delaware Park kwa sababu sikuwa na wazo jingine. Nilisali kwa sauti. Watu wakanitazama. Nikaendelea.

Kwenye bustani ya mawaridi kulikuwa na harusi. Wakongo. Shela, suti za kumeremeta, kwaya inaimba Kiswahili. Na katikati yao, kwenye kiti cha kukunja, baba yangu, sahani ya wali na sambusa magotini, upande wa wazee, kana kwamba yeye ndiye aliyepokea mahari.

Mama mmoja wa kwaya, mwenye kitenge cha njano, akanishika mkono.

"Usilie, dada. Muzee eko muzuri. Alipita na miguu, akasikia tunaimba, akasimama pale kwa miti, donc basi tukamupatia kiti. Amebariki hata bibi harusi."

Nilitaka kumgombeza Baba. Sikuweza. Alikuwa anaimba.

Jumamosi, 21 Juni

Consolata amefika kwa gari, kuja kumchukua. Alianza kufungasha nguo za Baba kabla hata ya kunywa chai. Tukagombana jikoni kwa sauti ya chini. Akasema nimempoteza baba yetu. Nikasema yeye tangu Februari amemwona kwenye simu tu. Yote mawili kweli.

Baba akavaa kofia, akasema twendeni. Yeye ndiye aliyetuongoza hadi bustani ile ya harusi. Mawaridi yote yamechanua, mekundu, meupe, mengine rangi ya ndani ya papai. Consolata aliinama, akanusa moja. Kisha akamweleza Baba habari za chumba, ua wa nyuma, wajukuu.

Baba alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu," alisema, "tangu ujana wangu kuna mtu ananiambia nikae wapi. Mara wanajeshi, mara kambi, mara ofisi za wakimbizi. Hapa nimepachagua mimi. Wajukuu nitakuja kuwaona, na baridi ikizidi nitakaa kwako. Lakini nitarudi."

Consolata akageuza uso. Nilidhani atabisha. Baadaye, tukitembea, akaniuliza yule mama wa kwaya anapatikana kwa namba gani. Ili awe na mtu wa kumpigia mimi nikiwa kazini. Nikampa; tulipeana namba siku ile ya harusi. Akanishika mkono kama zamani tukienda kuteka maji.

Jumapili, 22 Juni

Consolata ameondoka asubuhi. Amemwachia Baba raba mpya. Baba amezivaa tangu saa hiyo na hataki kuzivua.

Jumapili, 29 Juni

Wakongo wamekuja kumchukua Baba kwenda kanisani kwao. Ibada yao ni ndefu, na baada yake hula. Nyumba kimya. Nilianza kupika, nikaacha.

Nikaenda South Park, ambako hatujafika bado. Mabasi mawili. Nikakaa chini ya mti mkubwa. Sina wa kumwangalia. Nilifikiri nimpigie mtu simu. Sikumpigia.

Nikapitiwa na usingizi. Mchana kweupe, nje, mkoba chini ya kichwa. Nilipoamka kivuli kilikuwa kimehama na jua lilikuwa miguuni.

Nikasogea kivulini, nikalala tena.