Diski Mpya ya Shemeji

Jumatatu, 2 Machi
Natangaza kwa huzuni kifo cha mkwaruzo. Diski ya zamani ya studio, iliyokoroma kama mjomba aliyeshiba mpaka ikasikika kwenye kila rekodi, imeng'olewa leo saa nne asubuhi. Haikuacha wosia. Shemeji (mume wa dada, mwenye studio) kaleta ya SSD. Haizunguki, haikoromi. Kompyuta inawaka kwa sekunde sita! Kahesabu kwa sauti, mara tatu, mbele yangu.
Akaniambia: eti, sasa shemeji, fundi kama wewe wa nini tena? Akacheka. Nami nikacheka. Meno tu.

Jumatano, 4 Machi
Dada kaimba. Kesho anapasuliwa koo. Daktari hamwahidi sauti. Wimbo wake mwenyewe, alioutungia jikoni miaka ile, hajawahi kuurekodi. Mara moja tu – kisha kashika koo, kasema basi, imetosha. Rekodi safi, haina hata kikohozi. Shemeji akapiga makofi: umeona? Mashine ndiyo fundi!
Haya. Miaka tisa wanafuta kazi zao kwa bahati mbaya, nami nazirudisha kwa programu yangu. Wananiita Mfufuaji.
Walipomsindikiza dada nje, nimeufuta wimbo. Kapu la taka nalo nikalimwaga. Kesho Shemeji atapiga yowe, nitakuna kichwa, nitaurudisha kwa dakika kumi. Anibembeleze kidogo!

Alhamisi, 5 Machi
Shemeji kapiga yowe. Kabembeleza, mpaka "kaka yangu". Tamu!
Nikafungua programu. Jina la wimbo lipo. Ndani sifuri tupu.
Nimempigia muuza diski. Kashangaa. Hizi mpya, ukifuta, kompyuta inaziambia, zinajifagia zenyewe – hazibakizi kitu, hukujua? Nikamwambia najua, nilikuwa nakupima.
Dada yuko chumba cha upasuaji tangu saa mbili.

Ijumaa, 6 Machi
Sifuri. Shemeji anailaani diski. Nami nimeilaani, kwa sauti kubwa kumshinda.

Jumanne, 10 Machi
Dada katoka hospitali. Sauti haipo, na daktari kasema isingojewe. Shemeji hajamwambia habari ya wimbo. Kaniachia mimi – si wewe ndiye fundi?
Dada kaja studio na daftari. Kaandika: Mdogo wangu, niwekee wimbo wangu. Kavaa hedifoni mwenyewe, kakaa nyuma yangu, kafumba macho. Naandika hapa nikijifanya natafuta namba ya faili. Nimemwambia asubiri, kompyuta inawaka.
Inawaka kwa sekunde sita.