Kigingi cha Nne, Rebero

Jumatatu, 3 Machi

Kilima cha Rebero tena. Wanafunzi tisa, dira nne, manyunyu asubuhi. Nimewafundisha kuhesabu hatua: kila mguu wa kushoto ukigusa chini, moja. Mimi natumia sitini na mbili kwa mita mia. Miaka kumi na moja namba ni hiyo hiyo. Anayetaka kuongoza wageni msituni lazima aijue yake, maana huko simu haisaidii.

Kalisa, mkuu wa kituo chetu cha mafunzo, ameniuliza mara mbili kama mguu umepona. Umepona. Plasta ilitolewa Desemba. Aache kunitazama nikipanda ngazi.

Jumatano, 5 Machi

Aibu. Na hasira.

Kalisa alikuja kutukagua. Odette, mwanafunzi wangu, alishika dira, mimi nikahesabu, wengine nyuma. Kigingi cha tatu hadi cha nne cha njia yetu ya mazoezi ni mita mia sita, katikati ya mikaratusi, mbele huoni kitu. Hesabu ikatimia, nikasimama. Hakuna kigingi. Vichaka tu, na shamba la maharage la mtu.

Odette akasema polepole, kwa lafudhi yake ya Kinyarwanda, "Mwarimu, dira iko sawa. Labda tuongeze hatua kidogo."

Mbele ya Kalisa. Nikamwambia anyamaze, ni mjinga, hajui kusoma nyuzi za dira, ametupoteza. Tukazunguka saa nzima. Mwenye maharage akatufukuza.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeandika ripoti. Odette hafai, aondolewe. Kalisa ametia saini.  Odette alirudisha dira, akakunja koti la mvua vizuri, akaenda zake. Hata hilo limeniudhi.

Ijumaa, 7 Machi

Goti linauma. Sitaki kuongea na mtu.

Jumamosi, 8 Machi

Nilirudi Rebero peke yangu kuthibitisha kosa lake. Kigingi cha tatu. Nyuzi zilezile, mia moja arobaini. Nikahesabu, nikasimama palepale, kwenye maharage tuliyokanyaga. Nikaendelea mbele, mstari uleule. Hatua thelathini na sita zaidi, kigingi cha nne kikawa mbele ya pua yangu.

Nikashuka kwenye barabara ya udongo na kamba ya kupimia. Mita mia, mara tatu. Sitini na nane. Sitini na nane. Sitini na tisa.

Hatua yangu imekuwa fupi. Niliitupa kamba mtaroni. Niliutukana mguu kwa Kinyarwanda, kisha kwa Kiswahili cha Mwanza nilikokulia. Daktari aliniambia mwendo utabadilika. Nilimsikia vizuri. Pale kwenye maharage nilishajua. Ndiyo maana niliandika ripoti haraka.

Jumatatu, 10 Machi

Nimemweleza Kalisa yote.

"Nilikuuliza," alisema. 

Ameamua: Odette arudi. Mimi nifundishe ramani darasani, Rebero atawapeleka yeye mwenyewe. Miaka kumi na moja, halafu darasani. Nimechukia, na zaidi nimechukia kwa kuwa amesema kweli.

Jumanne, 11 Machi

Nimekwenda kwa Odette, Kicukiro, nyuma ya soko. Alikuwa anafua. Nilisema nikiwa nimesimama: kosa lilikuwa hatua zangu, dira yake haikuwa na shida, na mimi nilijua. Aliendelea kukamua shati.

"Mjinga uliniita mbele ya watu, Mwarimu. Hapa tuko wawili tu."

Nilirudi kwa miguu. Hasira njia nzima, na safari hii hakukuwa na mwingine wa kumlaumu.

Jumatano, 12 Machi

Nimesema mbele ya wote tisa, Kalisa akiwa mlangoni. Nimetaja hatua, nimetaja ripoti, nimetaja neno nililomwita.  Hakuna aliyecheka.

Odette hakunisalimia. Ana haki. Wamekwenda Rebero na Kalisa, dira anayo Odette. Nimefuta ubao, nimepanga ramani za kesho mezani, nikakaa.