Gari la Mwalimu Linazima

Jumatatu, 6 Julai 1981

Baridi. Ukungu hadi saa nne. Nimefunga breki za pikapu ya makaa, nimekunywa chai, nimefunga tena kwa sababu nati moja nilisahau.

Saa tano gari la mwalimu Mutua likaja likisukumwa na wanaume watatu. Jeupe, safi, limewekwa kitambaa cha kufuma kwenye dirisha la nyuma. Mwalimu ni Mkamba mpole, anasomesha shule ya msingi kule mtaa wa Jericho. Asubuhi hubeba watoto wake na wa majirani.

Stata inazungusha vizuri. Injini inawaka, inatetemeka, nahesabu moja, mbili, tatu, inazima. Ukivuta choki inakaa kidogo. Ukiirudisha, inazima.

Nikaweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini, mpini nikauweka sikioni. Ndivyo nimefanya miaka yote hapa Jogoo Road, Nairobi, ndiyo maana wananiita Fundi Sikio. Wenzangu hufungua kwanza. Mimi husikiliza kwanza.

Leo sikupata kitu. Mngurumo tu, kama mtu anayeongea ndani ya blanketi. Nikatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Nikamwambia mwalimu ni petroli chafu. Nilisema tu.

Jumanne, 7 Julai

Petroli si chafu. Nimeteremsha tangi, nimelisuuza, nimelirudisha. Pampu inatoa. Kabureta nimeifungua yote, nimepuliza kila tundu hadi mashavu yakauma. Linawaka, linazima.

Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna anayesoma. Sikio la kushoto limekufa tangu Pasaka. La kulia liko njiani. Milio mizito bado naipata: lori, mlango, ngoma ya kanisa. Ile myembamba imeondoka. Birika likilia silisikii, hadi mke wangu Rasoa aje kuliondoa mwenyewe. Leo nimeweka saa yangu ya mkono sikioni nikadhani imesimama. Mshale unazunguka.

Miaka kumi na tisa ya kugonga boila za garimoshi karakana ya reli, kabla ya gereji hii, masikio wazi. Tulikuwa tukiwacheka wazee waliokuwa wakiongea kwa kupayuka. Wajinga sisi.

Wakijua, nimekwisha. Nani atamletea gari fundi kiziwi?

Jumatano, 8 Julai

Nilikwenda Grogan kwa miguu, kupitia Muthurwa, kutafuta vipuri. Pointi mpya. Kondensa mpya. Nyaya mpya za plagi. Linawaka, linazima. Mjinga gani huyu, injini hii.

Kioko, fundi wa umeme wa magari kwenye kibanda cha pili, alikuja kuchungulia. "Fundi Sikio, leo injini imekunyima habari?" Watu wakacheka. Nikacheka. Akageuka, akasema kitu kingine akiwa amenipa mgongo. Sikukipata. Nikacheka tena. Nafikiri hakikuwa cha kuchekesha, maana alirudi kunitazama.

Alhamisi, 9 Julai

Nimeketi mbele ya boneti tangu asubuhi. Baridi nasikia. Njaa nasikia. Harufu ya petroli nasikia. Injini sisikii.

Ijumaa, 10 Julai

Mwalimu alifika saa nane. Jumapili anapeleka watoto wa Sunday school kuimba kanisa lingine, na gari lililopo ni hilo lake tu. Akauliza kama limepona. Kioko alikuwa amesimama pale pale, mikono mfukoni, anangoja jibu kwa hamu kuliko hata mwenye gari.

Nikasema bado dakika tano.

Nilikaza skrubu ya kabureta hadi injini ikakosa nafasi ya kuzima. Inanguruma kama lori la mchanga, lakini inakaa. Hiyo si dawa. Mtu mwenye homa hujamtibu kwa kumshika asianguke. Nilijua nikikaza, na niliendelea kukaza.

Nilipolirudisha nyuma litoke uani, breki niliisikia ngumu mguuni. Ngumu kidogo. Nikajiambia ni baridi.

Mwalimu alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Mzee, nilijua tu. Hilo sikio lako haliwezi kushindwa." Kioko akarudi kibandani kwake.

Nilingoja nisikie aibu. Sikusikia chochote.

Jumapili, 12 Julai

Habari zilitufikia kanisani baada ya mahubiri. Niliona midomo ya watu ikienda na mikono ikishika vichwa. Rasoa akanivuta nje, akaniambia uso kwa uso.

Mwalimu alikuwa anateremka kuelekea mtoni, watoto saba ndani. Akakanyaga breki. Ngumu kama jiwe. Akavuta breki ya mkono, akalielekeza gari kwenye ua wa michongoma, likasimama humo. Hakuna aliyekufa. Binti yake wa mwisho, Mwende, miaka sita, amevunjika mkono.

Nilirudi nyumbani. Nilikula ugali wote na mboga yote. Rasoa alinitazama nikila. Nilikuwa nikitafuna tu, sijui ladha.

Jumatatu, 13 Julai

Gari limevutwa hadi kwangu. Mwalimu hakuja. Alituma ufunguo.

Sikugusa kitu hadi saa saba. Rasoa akaleta viazi vitamu na chai. Nikapiga stata akiwa amesimama hapo, sahani mkononi, sijui kwa nini nilipiga. Akasema kitu. Nikamwambia arudie. Akazunguka, akaja upande wangu wa kulia, akasema polepole, kwa nguvu:

"Baba Agnetta, ni nini hiyo inafyonza ssss, kama mtu anakunywa uji wa moto?"

Mimi hakuna ssss niliyosikia. Nikamwomba anionyeshe. Akainama, akaelekeza kidole. Ni mpira ule unaotoka kwenye injini kwenda kwenye kopo linaloipa breki nguvu. Juu mzima. Nilikuwa nimeutazama mara kumi kwa juu. Nikapitisha mkono kwa chini, kidole kikavutwa ndani. Ufa, mrefu kama kiberiti. Nikauminya mpira kwa vidole viwili, na injini ikatulia papo hapo.

Ndiyo hiyo tu. Injini ilikuwa inavuta hewa ya wizi pale, petroli haitoshi, inazima. Na breki ilikosa nguvu kwa ufa huo huo. Mtu yeyote mwenye masikio angeujua siku ya kwanza, kabla chai haijapoa. Na mimi ile siku nilipoisikia breki ngumu, ningepitisha mkono tu. Mkono wangu si kiziwi.

Nilimwambia Rasoa basi, pale pale, gari likinguruma. Kwamba sisikii. Hakushtuka. Alisema amejua tangu mwaka jana, alikuwa anangoja nimwambie mwenyewe. Nilitaka kumkasirikia. Ilinishinda. Tulikula viazi tumesimama.

Jumatano, 15 Julai

Jana nilivaa koti niende kwa mwalimu. Nikavua. Leo nimekwenda.

Mwende alikuwa amelala kwenye kochi, mkono kwenye plasta, umechorwa maua kwa kalamu ya wino. Mke wa mwalimu alinikaribisha chai, sikuweza kuketi. Nilisema yote nimesimama. Mpira. Skrubu. Breki niliyoisikia ngumu nikanyamaza. Sikio. Nilisema haraka, nafikiri nilipayuka, maana wazee viziwi hupayuka.

Mwalimu alikuwa ameinamisha kichwa. Akasema kitu chini chini, akiiambia sakafu. Sikukipata. Kwa kawaida hapo hutikisa kichwa. Au hucheka. Nilimwambia, "Mwalimu, sema tena. Sijasikia."

Akainua uso. Akasema kwa sauti ya darasani, hadi mtoto akaamka:

"Ungeniambia tu, Mzee! Ungeniambia tu!"

Nikasikia. Nikaketi kwenye kiti nilichokuwa nimekikataa. Mtoto alikuwa akinitazama. Nililia kidogo, si sana. Mke wa mwalimu akaweka kikombe mezani, akaondoka.

Jumamosi, 18 Julai

Mpira mpya umeingia. Skrubu nimeirudisha mahali pake. Injini inawaka na inakaa. Niliweka kiganja juu yake robo saa nzima nikihesabu mtetemo. Nikaingia mwenyewe, nikateremka mteremko ule ule wa mtoni mara tatu, nikikanyaga breki.

Mwalimu alilichukua saa nne. Hakunishika mkono. Alikanyaga breki mara kadhaa kabla ya kuliondoa, mimi nikiwa nimesimama hapo. Ni haki yake.

Kulikuwa na rangi nyeusi imebaki kwenye mkebe. Nikachukua kipande cha bati, nikaandika: FUNDI HASIKII VIZURI. SEMA KWA NGUVU. Nikakipigilia misumari mlangoni. Kioko alikisoma mara mbili. Akaenda kuniletea kiti.

Wenye magari wawili walisoma wakapita. Nikawaona wakiegesha mbele zaidi.

Saa tisa akaja mama mmoja na pikapu ya mboga. Akalisoma bati, akashuka, akasimama mbele yangu, akapiga kelele kwamba gari linavuta kwa kukohoa tangu Machakos. Wauza mahindi wa ng'ambo ya barabara waligeuka. Nilisikia kila neno.

Nikafungua boneti. Ilikuwa plagi tu.