Nepi Zangu Kwenye Kamba

Shoga, nimekwisha. Mama mkwe ameziona nepi zangu. AMEZIONA!

Si unajua tangu nijifungue mkojo haunisubiri? Zile za kutupa zilinichubua mapaja, halafu darasani zinachakarika kila nikigeukia ubao, wanafunzi wanaangaliana. Ndiyo maana nikashona za kitambaa. Laini, kimya, shida ni kuzianika tu.

Leo kaja bila taarifa, akapitia uani. Akazikuta zinapepea, kubwa kama foronya.

Akaniita. "Mwanangu, mjukuu wangu bado mchanga. Hizi za nani?"

Shoga! Hizi za nani! Na kaishika moja, anaipima kwa mikono miwili. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mara mume wangu akatoka bafuni na taulo kiunoni. "Zangu, mama."

"Zako?!"

"Zangu. Nisaidie kuzianua, zimekauka."

Mama wa watu akazianua zote, akazikunja vizuri, akamkabidhi mwanawe huku machozi yanamtoka.

Sasa wako sebuleni, anamwombea apone. Mimi nimejifungia chooni nalia. Nitoke nikaseme ukweli, au nimwache abebe aibu yangu? Nijibu, nakufa huku.